Nyumba tumeipenda, lakini kipimo cha radoni kimetugombanisha na mzee wetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mume wangu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Baada ya kupanga kwa miaka, tumepata nyumba ya kununua, na muuzaji si mgeni kwetu. Ni mzee wa kanisani kwetu, mtu wa nyumbani, ambaye ndiye aliyetupokea tulipofika Marekani. Yeye ndiye aliyenifundisha hata kuendesha gari kwenye theluji. Sasa watoto wake wamekua, na yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao Texas. Alitupa bei nzuri na hatukugombania nyumba na mtu. Mkataba tumesaini, na ajenti wetu akaweka kipengele cha ukaguzi, yaani tuna siku chache za kukagua nyumba na kuomba marekebisho au kujitoa.

Mkaguzi alipokuja alileta kisanduku cha kupima gesi ya radoni. Akakiweka juu ya stuli huko besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, kikakaa saa 48. Matokeo yamekuja: wastani ni 7.8. Kuna karatasi inayoonyesha namba za kila saa. Usiku wa kwanza zinapanda hadi 11, jioni ya pili zinashuka ghafla kutoka 9 hadi 2, halafu alfajiri zinapanda tena. Ajenti anasema tumwombe muuzaji aweke mfumo wa kutoa hiyo gesi, au apunguze bei.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mzee alipoelezwa, alimvuta mume wangu pembeni baada ya ibada akamwambia: "Nimelea watoto wanne ndani ya nyumba ile, hakuna aliyekohoa. Haya ni mambo ya wazungu kutafuta pesa." Anasema atanunua kipimo dukani apime mwenyewe. Tangu siku hiyo mkewe, ambaye alikuwa ananiita mwanangu, ananisalimia kwa mbali.

Mume wangu anaona aibu. Anasema tununue tu kimya kimya, mambo ya radoni tutayaangalia mbele ya safari tukipata hela. Lakini Shangazi, mama mkwe anakuja kutoka Moshi, na chumba tulichompangia ni hicho cha besimenti. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mchana nitakuwa nalala huko huko chini, kwa sababu kuna giza na kimya. Mume wangu naye hajaacha sigara, ingawa anavutia nje.

Muda wa ukaguzi unaisha Ijumaa. Hii gesi ni hatari kweli, au tunatishwa? Nani anapaswa kulipa? Na nitamwambiaje mzee bila kumvunjia heshima?

Mama wa Zamu ya Usiku

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa hatua mliyofikia. Nianze na jibu ndipo nieleze: msinunue kimya kimya. Nyumba yenyewe hamna haja ya kuikimbia, maana tatizo hili linarekebishika. Ila ombi lenu liwe limeandikwa na kumfikia muuzaji kabla ya Ijumaa.

Radoni ni gesi inayotoka ardhini, kwenye urani iliyomo ndani ya udongo na miamba. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Hewani nje inatawanyika, lakini nyumba ya Minnesota ni habari nyingine. Wakati wa baridi madirisha yanafungwa kwa miezi na mashine ya joto haipumziki. Hewa ya moto inapanda na kutokea darini, na nyumba inavuta hewa nyingine kutoka chini kama bomba la moshi. Inavutia penye nyufa za zege, penye maungio ya sakafu na ukuta, kwenye shimo la pampu ya maji, na pembezoni mwa mabomba. Hiyo, pamoja na udongo wenyewe, ndiyo sababu wastani wa radoni katika jimbo lenu ni zaidi ya mara tatu ya wastani wa nchi nzima, na Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili katika kila tano zina kiwango kikubwa. Kule Moshi nyumba nyingi hazina besimenti na madirisha yanashinda wazi, kwa hiyo sishangai kwamba mzee aliishi miaka yote bila kulijali jina hili.

Sasa hiyo 7.8. Kipimo cha Marekani ni pikokyuri kwa lita, yaani kiasi cha mionzi katika lita moja ya hewa. Wastani wa ndani ya nyumba nchini humo ni 1.3. Shirika la serikali la mazingira, EPA, linataka nyumba irekebishwe ikifika 4, na linashauri wenye nyumba wafikirie kurekebisha hata ikiwa kati ya 2 na 4. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2009 lilipendekeza kiwango cha chini zaidi, bekereli 100 kwa mita ya ujazo, ambacho kwa hesabu ya Marekani ni kama 2.7. Nyumba yenu imefika karibu mara mbili ya kiwango cha kurekebisha. Hilo si jambo la kusema tutaliangalia mbele ya safari.

Mzee anasema hakuna aliyekohoa, na ninaamini anasema kweli. Radoni haikohozi mtu, haiumizi kichwa, haiwashi macho. Ukiivuta, chembe zake zenye mionzi zinanasa kwenye mapafu na kuyaumiza kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kinachokuja mwishoni, kwa baadhi ya watu, ni saratani ya mapafu. EPA inakadiria vifo 21,000 kwa mwaka Marekani, na kati ya hivyo kama 2,900 ni vya watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Watoto wanne kukua salama ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini hakutuambii chochote kuhusu hewa ya besimenti.

Hapa niseme na mume wako, na ninamwomba asome mwenyewe. Baba, kuvutia nje hakukutoi kwenye hesabu hii. EPA inakadiria kwamba watu 1,000 wasiowahi kuvuta sigara wakiishi maisha yao yote kwenye kiwango cha 4, kama 7 kati yao wanaweza kupata saratani ya mapafu. Wavutaji 1,000 kwenye kiwango hicho hicho ni 62. Sigara na radoni vikikutana kwenye pafu moja vinazidishana. Nyumba yenu ina 7.8. Ikiwa kuna mtu katika familia hii anayepaswa kushikilia kwamba mfumo uwekwe, ni wewe, na sigara nayo iende.

Wala msiingiwe na hofu ya kukosa usingizi. Madhara yanajengeka kwa miaka. Mkihamia na mafundi wakaja baada ya wiki chache, hizo wiki si msiba. Laleni ghorofa ya juu mpaka kazi iishe. Ninachokataa ni wewe kulala kule chini kila mchana, mama mkwe kila usiku, mwaka baada ya mwaka, huku mnajua.

Nimerudia mara kadhaa ile sehemu ya barua yako inayosema namba zilishuka jioni ya pili kutoka 9 hadi 2 halafu zikapanda tena. Radoni hupanda na kushuka yenyewe, kwa upepo, kwa mvua, kwa baridi. Lakini kushuka kwa namna hiyo, kwa ghafla na kwa saa chache, mara nyingi ni dirisha au mlango uliofunguliwa. Kanuni ya kipimo ni kwamba madirisha na milango ya nje ifungwe saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kupima. Kuingia na kutoka kwa kawaida tu ndiko kunakoruhusiwa. Simtuhumu mzee. Huenda mama alikuwa anakaanga samaki akataka harufu itoke. Muulize mkaguzi anaionaje ile grafu, maana baadhi ya vifaa vinarekodi pia joto na unyevu, na dirisha likifunguliwa wakati wa baridi litaonekana hapo. Kama kweli lilifunguliwa, basi 7.8 ni pungufu ya hali halisi. Mtu asikuambie kwamba kipimo kimeharibika kwa hiyo kitupwe. Kama kimeharibika, kimeharibika kwa upande wa kumpendelea muuzaji.

Mzee akitaka kupima mwenyewe, apime, ni haki yake na ni nyumba yake. Ila apime sawasawa. Kwa nyumba inayouzwa, vile vikopo vya mkaa vya dukani vinawekwa viwili kwa pamoja, kimoja karibu na kingine, kisha wastani wao ndio unaohesabiwa. Vikae ghorofa ya chini kabisa ambayo mnunuzi ataitumia, si jikoni, si bafuni, si chumba cha kufulia, walau sentimeta 50 kutoka sakafuni na kama mita moja kutoka dirishani. Muda ukiisha vifungwe na kupostiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu nusu ya radoni iliyonaswa inapotea kila siku 3.8, vikikaa juu ya kabati wiki nzima maabara haitakuwa na cha maana cha kusoma. Na kwa kuwa majibu hayatarudi kabla ya Ijumaa, ajenti wenu aombe muda wa ukaguzi uongezwe, kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote. Neno la mdomo "tusubiri tu" msilitegemee.

Kuhusu wazungu na pesa. Desemba 1984, Pennsylvania, mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras alikuwa akiingia kazini kwenye kinu cha nyuklia cha Limerick na vifaa vya kupima mionzi vikawa vinalia. Walipochunguza wakakuta mionzi haikutoka kazini, aliibeba kutoka nyumbani. Nyumba yake ilipimwa ikakutwa na kama 2,700. Familia ilihama, nyumba ikarekebishwa, wakarudi. Kabla ya hapo wataalamu walijua radoni inaua wachimba migodi ya urani; nyumba ya Watras ndiyo iliyowafanya Wamarekani waanze kupima mahali wanapolala. Biashara ilikuja baadaye, na kweli wapo mafundi wanaotoza kupita kiasi, kwa hiyo chukueni makadirio ya bei zaidi ya moja. Lakini gesi ilikuwepo kabla ya biashara.

Sasa sheria, na hapa ndipo nadhani mzee hajaeleweshwa. Tangu Januari 1, 2014, sheria ya Minnesota inamtaka anayeuza nyumba ya kuishi amweleze mnunuzi kwa maandishi, kabla ya mkataba kusainiwa, kama nyumba imewahi kupimwa radoni, majibu yalikuwaje, na kama kuna mfumo uliowekwa. Anatakiwa pia ampe onyo rasmi na kijitabu cha Idara ya Afya. Tafuteni karatasi hizo kwenye mafaili yenu. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kupima wala kurekebisha. Lakini mzee sasa ameshajua. Nyinyi mkijitoa, itabidi amweleze mnunuzi atakayefuata, na huyo hatakuwa mtu aliyefundishwa naye kuendesha gari kwenye theluji. Akinyamaza na ikagundulika, anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo kukataa hakumwokolei hata senti. Kunamchelewesha tu kufika Texas.

Nani alipe? Sheria haisemi, ni maelewano. Mfumo kwa kawaida unagharimu kati ya dola 1,500 na 3,000, kutegemea nyumba ilivyojengwa. Njia ni tatu. Muuzaji anaweza kuuweka kabla ya siku ya kukabidhiana. Anaweza kuwapunguzia bei au kuwarudishia kiasi hicho siku hiyo, nanyi mkauweka. Au fedha ikaachwa amana kwenye kampuni inayoshughulikia hati mpaka kazi ikamilike. Mimi kwa hali yenu napendelea ya pili. Anayehama anatafuta fundi wa bei ya chini kabisa, amalize aondoke. Nyinyi ndio mtakaoishi na lile bomba, kwa hiyo mchague wenyewe fundi na mahali litakapopita. Muulizeni mkopeshaji wenu kwanza kama anakubali fedha irudishwe kwa mtindo huo. Na kwa kuwa mzee aliwapa bei nzuri, siyo dhambi kugawana gharama nusu kwa nusu. Hata ningekuwa mimi ningependekeza hivyo, kwa sababu inampa yeye njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Kuhusu heshima. Mambo ya fedha na tarehe myaache yapite kwa maajenti, ndiyo kazi yao. Lakini msimwachie ajenti azungumze na mzee wenu habari ya afya. Nendeni nyumbani kwake wote wawili, jioni, mkiwa na chochote mkononi, na mume wako ndiye aanze. Aseme kitu kama hiki: "Baba, nyumba tunaitaka na hatujaja kushusha bei. Kipimo hakikukupima wewe wala usafi wako, kimepima udongo ulio chini ya nyumba. Nyumba ya jirani inaweza kuwa na 2 na hii ikawa na 8, na hakuna aliyekosea. Tunaomba tulimalize pamoja." Halafu anyamaze, mzee aongee. Akirudia habari ya wazungu msibishane naye. Mwachieni kile kijitabu cha Idara ya Afya.

Na kuna neno moja ambalo ninyi ndio wa kumwambia, maana hakuna mkaguzi wala ajenti atakayelisema. Yeye na mkewe ndio walioishi mle miaka yote hiyo. Mwambieni kwa upendo kwamba watakapomwona daktari wao wamtajie hiyo 7.8 na miaka waliyokaa. Kama mmoja wao amewahi kuvuta sigara, waulize kuhusu uchunguzi wa mapafu. Ninahisi ukali wake una hofu ndani yake: ukikubali kwamba gesi ipo, umekubali kwamba watoto wako walilala juu yake. Hilo si dogo kwa mzazi. Mama naye, anayekusalimia kwa mbali, huenda ndicho anachokiwaza. Mtafute peke yake umsalimie kama zamani.

Mkikubaliana, fundi awe na leseni ya Idara ya Afya. Minnesota imelazimisha leseni kwa kazi hii tangu Januari 1, 2019, na orodha yao iko wazi kwa umma. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi, asiwadanganye mtu na rangi na gundi. Kazi yenyewe hivi: wanatoboa zege la besimenti, wanaingiza bomba la plastiki, wanalipandisha hadi juu ya paa, na feni inavuta gesi kutoka chini ya sakafu kabla haijaingia ndani na kuitupa nje. Nyumba nyingi wanamaliza kwa siku moja. Feni haikai vyumbani. Inakaa darini, gereji au nje ya nyumba, na haizimwi hata siku moja, hata mkisafiri.

Kwenye bomba, usawa wa macho, watabandika kimrija chenye umbo la U na maji ya rangi ndani. Kitazame kila unaposhuka kufua. Maji yakiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, feni inavuta. Yakilingana pande zote mbili, feni imekufa, pigia fundi. Mfundishe mama mkwe naye akijue, yeye ndiye atakayekaa nacho kutwa.

Kipimo cha kuhakikisha kifanywe kuanzia saa 24 baada ya mfumo kuwashwa na kisivuke siku 30, na apime mtu mwingine, si fundi aliyeuweka. Baada ya hapo pimeni tena kila miaka miwili, ikiwezekana wakati wa baridi nyumba ikiwa imefungwa. Karatasi zote wekeni pamoja na hati ya nyumba, maana siku mkiuza ninyi ndio mtakaotakiwa kuzitoa.

Leo hii mpigie ajenti. Mwambie aandike nyongeza ya mkataba yenye mambo matatu: mfumo uwekwe na fundi mwenye leseni, nani analipa kiasi gani, na kipimo cha baadaye kishuke chini ya 4, nami ningeomba chini ya 2 kama fundi anaona inawezekana. Kwa mzee nendeni jioni kabla karatasi haijamfikia, asiisikie kwa ajenti wake kwanza.